Kioo cha Kompyuta Hakionyeshi Picha? Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Swali ni lilelile, ila wanaouliza ni tofauti. Mwenye steshenari pale Masasi analiuliza. Karani wa chama cha msingi huko Newala analiuliza. Mwalimu aliyekabidhiwa chumba cha kompyuta shuleni naye analiuliza: "Nimewasha kompyuta, feni naisikia inazunguka, lakini kioo ni cheusi tii. Ninunue kingine?"

Jibu langu ni moja: usinunue bado. Kioo hakitengenezi picha, kinaonyesha ile kinayoletewa. Kikiwa cheusi, kosa linaweza kuwa sehemu nne: kwenye umeme, kwenye waya, kwenye sipiyu, au kwenye kioo chenyewe. Wengi wetu tunarukia hiyo ya nne kwa sababu ndiyo tunayoiona kwa macho. Matokeo yake kioo kizima kinatupwa stoo, pesa ya kingine inatoka, na kingine kikifika nacho kinakuwa cheusi vilevile.

Huku kwetu kosa hilo lina gharama zaidi. Kifaa usichokipata Masasi kinakupeleka Mtwara mjini au kinaagizwa Dar es Salaam, nauli na siku zinakwenda. Na kompyuta ina tabia ya kugoma wakati wa kazi. Tangu korosho ianze kuuzwa kwa stakabadhi ghalani, msimu wa 2007/2008, chama cha msingi hakiendi bila karatasi: majina ya wakulima, kilo, makato, malipo. Kioo kikizimika wakati minada ya vyama vikuu vya ushirika, TANECU au MAMCU, imeshaanza, wanaosubiri ni wakulima.

Makala hii inakupa mpangilio wa kupima. Huhitaji kuwa fundi, na hatua nyingi hazihitaji hata bisibisi. Fuata kwa mfuatano, badilisha kitu kimoja tu kila mara, halafu angalia. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na picha ikarudi, hutajua kilichokuwa kibovu ni kipi.

Kabla hujagusa chochote

- Mvua ikinyesha na radi zikipiga, acha. Chomoa kila kitu ukutani, subiri ipite.
- Usichomeke wala kuchomoa plagi ya umeme kwa mikono yenye maji.
- Ukisikia harufu ya kuungua au ukaona moshi, chomoa na usiwashe tena. Hapo kazi ni ya fundi.
- Usifungue mgongo wa kioo. Ndani kuna kapasita zinazoweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa umeme. Hazitoi onyo.

Hatua ya 1: Taa ndogo ya kioo inasema nini?

Karibu kila kioo kina taa ndogo penye kitufe cha kuwashia. Iangalie vizuri, kwa sababu inakugawia tatizo.

- Haiwaki kabisa. Umeme haufiki. Nenda hatua ya 2.
- Inawaka rangi ya machungwa, au inapepesa. Kioo kina umeme lakini hakiletewi picha. Nenda hatua ya 3.
- Inawaka bluu, nyeupe au kijani, na bado ni giza. Huenda picha ipo lakini mwanga wa nyuma haupo, au kioo kinasikiliza tundu lisilo na waya. Fanya hatua ya 3, kisha ya 4 na ya 7.

Rangi hutofautiana kidogo kwa kila kampuni, lakini machungwa au kupepesa karibu kila mara maana yake ni "nasubiri".

Hatua ya 2: Umeme unafika?

Utasema, "Umeme upo, taa ya chumbani inawaka." Sawa, lakini taa ya chumbani haipitii kwenye ekstensheni yako.

1. Chomoa kioo kwenye ekstensheni, kichomeke moja kwa moja ukutani.
2. Chukua waya wa umeme wa sipiyu, uujaribu kwenye kioo. Kwa vioo vingi waya hizo mbili ni za aina moja.
3. Sukuma plagi ya nyuma ya kioo hadi mwisho. Inalegea sana pale meza inaposogezwa wakati wa kufagia.
4. Kama unatumia UPS, soma maandishi ya matundu yake. Baadhi ya UPS zina matundu yasiyopata umeme wa betri. Ukichomeka kioo huko, umeme ukikatika sipiyu inabaki hai na kioo kinakufa.
5. Angalia kama kuna printa ya leza au mashine ya fotokopi kwenye ekstensheni hiyohiyo. Zikianza kupasha moto zinavuta umeme mwingi kwa mara moja, na kioo kinaweza kupepesa au kuzima. Zipe tundu lake ukutani, na usizichomeke kwenye UPS ndogo.

Onyo kwa vioo vinavyotumia adapta ya nje kama ya laptop: usichukue adapta yoyote kwa sababu tu kichwa chake kimeingia. Volti lazima zilingane na zile zilizoandikwa mgongoni mwa kioo, ampea zisipungue, na mchoro wa chanya na hasi uwe uleule. Adapta ya volti 19 kwenye kioo cha volti 12 inaweza kukiua kwa sekunde moja.

Hatua ya 3: Jaribio la dakika moja

Ukisoma sehemu moja tu ya makala hii, soma hii. Ndiyo inayookoa pesa nyingi kuliko zote.

1. Chomoa waya wa picha nyuma ya kioo, ule unaokwenda kwenye sipiyu.
2. Acha waya wa umeme peke yake.
3. Zima kioo, kisha kiwashe.
4. Kitazame kwa makini kwa sekunde kumi za mwanzo.

Kikionyesha nembo ya kampuni, au maandishi kama "No Signal" au "Check Signal Cable", basi kioo chako ni kizima. Kimejiwasha, kimejitafutia picha, kimekosa, kimekwambia. Tatizo liko kwenye waya au sipiyu. Kikibaki cheusi bila hata neno moja huku taa yake inawaka, hapo kweli tuanze kukishuku.

Kuna pingamizi la haki hapa: "Vioo vingine havina maandishi hayo." Ni kweli kwa vichache. Kwa hivyo bonyeza kitufe cha menyu. Menyu ikijitokeza, kioo kinaweza kuchora. Au kipime kwa kifaa kingine. Kama kina tundu la HDMI, chukua king'amuzi cha nyumbani na waya wake, uchomeke. Ukiona menyu ya king'amuzi, kioo kimefaulu. Mtihani huu unafanya kazi kwa upande wa pili pia: chomeka sipiyu kwenye televisheni ya sebuleni. Picha ikitokea kwenye televisheni, sipiyu imefaulu.

Hatua ya 4: Waya na matundu

Hapa ndipo makosa mengi yanapoishi.

- Tundu lililochaguliwa. Kioo chenye VGA na HDMI kinaweza kuwa kinasikiliza HDMI wakati waya wako ni wa VGA. Tafuta kitufe kilichoandikwa "Input" au "Source", chagua tundu lenye waya.
- Pini zilizopinda. Kichwa cha VGA kina nafasi 15 za pini. Ukiona moja haipo, usiogope: pini ya tisa mara nyingi haiwekwi tangu kiwandani. Unachotafuta ni pini iliyolala. Inyooshe taratibu kwa ncha ya kalamu ya wino, ukiwa umechomoa umeme.
- Skrubu za VGA. Zikaze kwa vidole. Waya uliochomekwa bila kukazwa huchomoka upande mmoja, picha ikawa ya njano au ya bluu, kisha ikapotea.
- Kadi ya picha. Matundu ya madabodi, yaani bodi kuu ya ndani, yako pamoja na ya USB. Kama sipiyu ina kadi ya picha iliyoongezwa, matundu yake yanakaa peke yake, mbali na hayo. Waya uwe kwenye kadi. Kompyuta nyingi hufunga matundu ya madabodi kadi ikiwepo.
- DisplayPort. Kompyuta nyingi za mtumba zilizotoka maofisini, kama Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre, zina tundu hili. Linafanana na HDMI lakini kona yake moja imekatwa. Usilazimishe. Vichwa vingi vya waya wake vina kibonyezo. Kibonyeze ndipo uvute, la sivyo utang'oa tundu.
- Waya wa kubadilisha. Waya wa DisplayPort kwenda HDMI kwa kawaida unapeleka picha upande mmoja tu: DisplayPort kwenye sipiyu, HDMI kwenye kioo. Ukiugeuza haupitishi kitu, na waya hauna kosa.

"Lakini waya wangu ni mpya." Upya si ushahidi. Azima mwingine uliouona ukifanya kazi kwa macho yako, ndipo uamue.

Hatua ya 5: Sipiyu imeamka kweli?

Feni kuzunguka hakumaanishi kompyuta imewaka. Feni inahitaji umeme tu. Picha inahitaji kila kitu kiitikie. Pima hivi:

1. Subiri dakika moja baada ya kuwasha, kisha bonyeza "Num Lock" au "Caps Lock" kwenye kibodi ya waya. Taa yake ikiwaka na kuzima unapobonyeza, kompyuta iko hai na huenda inakosa njia ya kupeleka picha tu. Isipoitika, haijaamka.
2. Sikiliza milio. Mlio unaojirudia ni lugha ya madabodi. Hesabu: mifupi mingapi, mirefu mingapi. Andika. Kila kampuni ina maana zake, na fundi akipewa hesabu hiyo anaokoa nusu ya muda.
3. Angalia taa ya kitufe cha kuwashia. Kwenye Dell nyingi ikiwaka au kupepesa kwa machungwa, kwenye HP nyingi ikipepesa kwa nyekundu, ni ishara ya hitilafu ndani.

Kama umenunua kompyuta ya zamani kutoka nje, tazama mgongoni, karibu na tundu la umeme. Baadhi zina swichi ndogo nyekundu yenye namba 115 na 230. Umeme wetu ni wa volti 230. Swichi ikiwa kwenye 115 na ukachomeka, pawa saplai inaungua papo hapo. Iangalie kabla ya kuchomeka kwa mara ya kwanza.

Hatua ya 6: Ramu

Kama sipiyu haijaamka, mtuhumiwa wa kwanza ni ramu, kile kibao chembamba cha kumbukumbu kinachochomekwa kwenye madabodi. Inalegea kwa mtikisiko wa safari na inachafuka kwa vumbi.

1. Zima, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe.
2. Fungua ubavu wa sipiyu. Gusa chuma cha kasha kwanza, ili umeme tuli wa mwilini mwako usiingie kwenye ramu.
3. Fungua klipu za ramu, itoe ukiishika pembeni.
4. Futa meno yake ya dhahabu kwa raba safi ya penseli, taratibu, pande zote mbili. Pangusa vumbi la raba.
5. Irudishe ikikaa sawa na pengo lake, bonyeza hadi klipu zilie.
6. Kama zipo mbili, jaribu moja moja, na kila moja kwenye nafasi tofauti.

Ukiwa humo ndani, ipo betri bapa ya duara, mara nyingi CR2032 ya volti 3. Itoe kwa dakika tano, uirudishe upande uleule. Hii inarudisha mipangilio ya mwanzo. Kama saa ya kompyuta yako imekuwa ikirudi nyuma miaka kadhaa, nunua betri mpya.

Usitumie maji, dawa ya kuua wadudu wala mafuta ya taa humo ndani. Ukikuta sisimizi au mayai ya mjusi, toa kwa brashi laini kavu.

Hatua ya 7: Picha inatokea, kisha inapotea

Hili lina sura tatu, na kila moja ina dawa yake.

- Nembo inaonekana, Windows ikifunguka giza. Kifaa ni kizima, mpangilio ndio umeharibika. Mara nyingi hutokea baada ya kompyuta kutumika na projekta kwenye mkutano. Shikilia kitufe cha Windows, bonyeza P mara mbili, achia, bonyeza Enter. Subiri sekunde kumi, urudie hadi picha irudi. Kwa Windows 10 na 11 unaweza pia kubonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B ili kuiamsha upya sehemu ya picha.
- Maandishi "Out of Range" au "Input Not Supported". Kompyuta inatuma picha ambayo kioo hakiwezi kuibeba. Chomeka sipiyu kwenye televisheni au kioo kikubwa, shusha ukubwa wa picha hadi 1024 kwa 768 na kasi ya 60, kisha rudi kwenye kioo chako.
- Picha inakaa sekunde mbili, giza linaingia. Zima taa za chumba, washa tochi ya simu, imulike kwenye kioo kwa upande. Ukiona picha hafifu kama kivuli, kioo kinachora lakini mwanga wa nyuma umekufa. Hapa ndipo kioo chenyewe ni kibovu.

Lini useme kioo kimekufa?

Sema hivyo ikiwa matatu ya mwanzo yametimia yote, au la mwisho peke yake limetimia:

- umeme umethibitika kwa waya mwingine na tundu la ukutani;
- jaribio la dakika moja halikuonyesha chochote, wala menyu;
- sipiyu yako inaonyesha picha kwenye kioo kingine au televisheni;
- au tochi imekuonyesha picha isiyo na mwanga.

Hata hapo, kufa si lazima kuwe kuzikwa. Kioo kinachochelewa kuwaka, kinachohitaji kubonyezwa mara nyingi ndipo kikubali, mara nyingi kina kapasita zilizovimba. Fundi wa televisheni mwenye mkono mzuri huweza kuzibadilisha. Lakini kioo kilichopasuka ndani, chenye wino mweusi unaosambaa, usikilipie matengenezo. Na ukikitupa, usikivunje wala kukichoma: vioo bapa vya zamani vina taa zenye zebaki, na vile vya mgongo mkubwa vina risasi.

Mambo ya huku kwetu

*Salfa na vumbi.* Wakati mikorosho inapopulizwa salfa kuzuia ubwiriunga, unga ule hauishii shambani. Unaingia ofisini kwa nguo, kwa upepo, na kwa mifuko inayohifadhiwa chumba kimoja na kompyuta. Salfa ikikaa kwenye shaba au fedha huifanya nyeusi, na meno ya waya na ramu yakiwa meusi picha inakatika. Kwa hiyo:

- mifuko ya salfa isilale chumba cha kompyuta, hata kwa usiku mmoja;
- funika kioo na sipiyu kwa kitambaa baada ya kuzima, kamwe si zikiwa zinawaka;
- safisha ndani ya sipiyu kwa blowa ndogo kabla ya msimu wa mauzo kuanza, ukishika feni isizunguke.

*Radi na umeme unaorudi.* Mvua zetu huanza Novemba au Desemba, yaani katikati ya mauzo ya korosho. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri dakika chache utulie ndipo uchomeke. Stabilaiza inasaidia umeme mdogo, lakini haiwezi kuzuia radi. Chomoa pia waya wa intaneti, maana nao huleta mshtuko ndani.

*Safari.* Kioo kisipakiwe kwenye bodaboda kikiwa kimelala na mzigo juu yake. Kisimamishe, uso wake uelekee kitu laini kama blanketi, kisishikwe kwa kubonyeza katikati.

Makosa yanayojirudia

1. Kupiga kioo kofi. Kikiitika, kuna kitu kimelegea, na kofi linalofuata litamalizia kazi.
2. Kuwasha na kuzima mara kumi mfululizo. Zima, subiri nusu dakika, ndipo ujaribu.
3. Kumwachia fundi kazi bila maelezo. Akikuta "haiwaki" tu, ataanza kwenye kitu cha bei kubwa.
4. Kukubali Windows ipigwe upya wakati hata nembo ya mwanzo haionekani. Windows haijafikiwa bado, kwa hiyo si yenye kosa.
5. Kununua kioo cha mtumba bila kukiwasha angalau nusu saa. Muuzaji akikataa, nenda kwa mwingine.

Ukienda kwa fundi, nenda na majibu

Andika kwenye karatasi: taa ya kioo ni rangi gani, jaribio la dakika moja lilionyesha nini, sipiyu ilifanyaje kwenye televisheni, milio ni mingapi, ilianza lini, na siku hiyo kulitokea nini, iwe umeme kukatika, kuhama chumba au mvua. Beba waya zako zote, hata ule unaoamini ni mzima. Mwombe akuonyeshe tatizo kabla ya kukutajia bei, na kifaa cha zamani akurudishie. Fundi mwaminifu hatachukia, atafurahi kupata mteja aliyekwishamfanyia nusu ya kazi.

Kisha nakili hatua saba hizi kwenye karatasi moja, uibandike ukutani karibu na kompyuta ya ofisi. Wafundishe wenzako jaribio la dakika moja leo, kompyuta ikiwa nzima, ili siku itakapogoma aliyepo zamu aweze kulifanya mwenyewe na foleni ya wakulima iendelee.